Ukuta wa tofali jepesi: Ijue plagi inayoufaa kabla ya kutoboa

KABATI la vyombo linapoanguka kutoka ukutani, lawama ya kwanza humwendea fundi, na ya pili huiendea skrubu. Ni mara chache mwenye nyumba hujiuliza iwapo kile kiplastiki kidogo kilichopachikwa ndani ya tundu, ambacho mafundi wengi hukiita fisha, kilikuwa kinaufaa ukuta wenyewe.

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Lufingo na maeneo mengine ya Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, yaliyo jirani na Mlima Rungwe. Mlima huo ni wa volkano, na mlipuko wake mkubwa wa takriban miaka 4,000 iliyopita ulitapakaza majivu pamoja na pumisi, yaani jiwe jepesi lenye matundu, lile ambalo watu hulisugulia nyayo na ambalo huelea majini.

Changarawe ya jiwe la aina hiyo inapochanganywa na saruji, hupatikana zege jepesi linaloweza kufyatuliwa matofali. Tofali hilo humpunguzia mjenzi uzito wa kubeba, na hewa iliyomo ndani yake husaidia kuzuia baridi, jambo ambalo si dogo katika nyanda za juu kama Tukuyu. Wapo pia wanaotumia matofali ya kiwandani yaliyoumuliwa kwa vitundu vya hewa, teknolojia iliyobuniwa na Msweden Johan Axel Eriksson katika miaka ya 1920.

Hata hivyo, hewa hiyo hiyo inayoleta wepesi ndiyo inayoleta udhaifu pale panapotakiwa kufungwa kitu kizito. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida huwa na uzito wa takriban kilo 2,400, ilhali zege jepesi huweza kuwa na chini ya nusu ya uzito huo.

Ili kuelewa tatizo, ni vyema kwanza kufahamu plagi inavyofanya kazi. Plagi ya nailoni, iliyobuniwa na Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958, hutanuka pale skrubu inapoingizwa. Kutanuka huko huubana ukuta kwa nguvu, na mbano huo ndio unaoishikilia skrubu isitoke.

Katika zege zito mbano huo hukutana na ukuta mgumu. Katika zege jepesi, kuta nyembamba za vile vitundu husagika na kuwa unga, tundu likapanuka, na plagi ikabaki inacheza. Kosa linalofuata ni kununua plagi nene zaidi ya aina ile ile, ambayo husaga sehemu kubwa zaidi ya tofali.

Kanuni ya msingi, basi, ni kwamba katika ukuta mwepesi mzigo utawanywe mahali papana badala ya kubanwa mahali padogo. Plagi ndefu hufaa kuliko fupi. Zinazofaa zaidi ni zile zenye mabawa au hesi pana kwa nje, ambazo hujichimbia ndani ya tofali kama mzizi bila kulipasua.

Iwapo tofali lina uwazi katikati, plagi ya kutanuka haina cha kubana. Hapo huhitajika plagi inayojikunja au kufunguka nyuma ya ukuta. Dalili ya ukuta wa aina hii ni keke kuzama ghafla wakati wa kutoboa.

Kwa mizigo mizito zaidi ipo gundi maalumu ya kufungia bolti, ambayo hujaza vitundu na kuganda pamoja na tofali. Katika tofali lenye uwazi hutanguliwa na kifuko cha wavu ili isimwagikie ndani. Pale ambapo gundi hiyo haipatikani au bei yake ni kubwa, bolti iliyopenya ukuta mzima na kufungwa kwa bapa la chuma upande wa pili hufanya kazi nzuri.

Aidha, namna ya kutoboa ni muhimu sawa na plagi yenyewe. Keke ya umeme izungushwe bila kugonga, kwa kuwa mgongo wa nyundo huvunja vitundu na kuacha tundu pana kuliko lililokusudiwa. Unga utolewe kabla ya kuingiza plagi. Plagi ipite lipu yote na kukaa ndani ya tofali, kwani lipu pekee haiwezi kubeba mzigo.

Unga huo pia ni shahidi mzuri. Ukitoka mwingi na keke ikazama kwa urahisi, ukuta ni mwepesi, hata kama lipu yake ni ngumu na rangi yake inapendeza.

Jambo jingine linalosahaulika ni umbali wa mzigo kutoka ukutani. Chukua mfano wa rafu yenye mzigo wa kilo 20 uliokaa sentimita 30 kutoka ukutani. Ikiwa mkono wake wa chuma una kimo cha sentimita 20, skrubu za juu huvutwa kwa nguvu ya kilo 30. Kimo hicho kikipungua na kuwa sentimita 10, mvuto hupanda hadi kilo 60. Hita ya maji ya lita 50 nayo hubeba kilo 50 za maji peke yake, kabla ya kuhesabu chuma chake.

Wapo wanaogongomea kigingi cha mti badala ya plagi. Katika wilaya yenye mvua nyingi kama Rungwe, mti huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, na kila mabadiliko hayo hulegeza skrubu.

Kwa anayejenga sasa, njia nafuu ni kupanga mapema. Lenta na nguzo kwa kawaida humwagwa kwa zege zito lenye nondo, hivyo makabati na hita vikipangwa kufungwa hapo, sehemu kubwa ya tatizo huwa imekwisha kabla ya lipu kupigwa.

Kwa ambaye nyumba imekwisha simama, afunge plagi moja ya majaribio mahali pasipoonekana na kuivuta kwa uzito unaozidi ule uliokusudiwa. Ikisogea, aina hiyo haiufai ukuta huo. Gharama ya jaribio hilo ni plagi moja na tundu la kuziba, wakati kabati lililoning'inia juu ya meza ya watoto likiachia, hasara yake haihesabiki kwa fedha.