Kutembea Penye Utelezi Baada ya Kuwekewa Nyonga au Goti Bandia

Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua hufanya njia za udongo za Mbeya na Iringa ziteleze kama zimepakwa sabuni. Juni na Julai, umande na sakitu hulowesha nyasi na ngazi alfajiri. Aliyewekewa nyonga au goti bandia akianguka, anaweza kuvunjika mfupa unaoshikilia kiungo hicho na kurudi kwenye upasuaji. Pamoja na maelekezo ya daktari wake, azingatie haya:

1. Avae viatu vya kufunga vyenye soli ya meno, si kandambili.
2. Fimbo aishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Mpira wake wa chini ukilika, ubadilishwe.
3. Apige hatua fupi. Akigeuka, asizungushe mwili juu ya mguu mmoja.
4. Akipanda ngazi atangulize mguu mzima. Akishuka atangulize fimbo na mguu uliopasuliwa.

Nasi waseminari tujirekebishe. Tukimwona bibi anapanda kilima kwenda kanisani, hukimbilia kumvuta mkono. Kumbe tunampotezea mizani! Tumpe kiwiko ashike mwenyewe, tufuate mwendo wake.

Njia ikiwa mbaya, tumwambie wazi: mgonjwa asiyeweza kufika hana dhambi kwa kukosa Misa ya Dominika, na Komunyo Takatifu hupelekwa nyumbani. Hata kanisani, asiyeweza kupiga magoti kwa sababu ya afya halazimiki. Asije akaogopa dhambi isiyokuwapo, akavunjika mguu njiani.