Nasaba, Damu na Haki: Maswali ya Maadili katika Elimu ya Urithi wa Binadamu

Kabla elimu ya maabara haijaenea katika nchi zetu, watu wa pwani na bara walikuwa na elimu yao ya urithi. Mshenga hakutumwa kupeleka posa mpaka wazee wameuliza habari za nasaba ya mchumba: wazazi wake ni akina nani, nyumba yao ina maradhi gani, watoto wao wamekua au wamefariki. Maswali hayo yaliulizwa kwa sauti ya chini, na majibu yake yalisitiriwa kwa adabu. Leo swali lile lile laulizwa kwa tone moja la damu, na jawabu latoka katika karatasi yenye mhuri. Hamu ya kujua ni ile ile ya kale, lakini uhakika wa jawabu ni mpya. Na uhakika huo ndio ulioleta maswali ya maadili ambayo makala haya yanakusudia kuyaeleza.

Lugha yetu imekwisha kuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Neno vinasaba, tulitumialo kwa kile kibebacho urithi ndani ya chembe za mwili, limejengwa juu ya nasaba, neno la ukoo na heshima. Jeni ni neno geni tulilolikaribisha, nalo lataja kipande cha kitu kinachoweza kupimwa. Nasaba ni jambo la watu. Kwa hiyo mtaalamu asemapo habari za jeni, asikilizaye husikia habari za jamaa zake, walio hai na waliokufa. Mtaalamu asiyelijua hilo aweza kusema kweli tupu na bado akavunja nyumba.

Ili maelezo yasitawanyike, tuuchukue ugonjwa mmoja unaojulikana sana Afrika Mashariki, yaani selimundu, ambao wengine huuita sikoseli. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna protini iitwayo himoglobini, nayo ndiyo ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni na kuieneza mwilini. Maagizo ya kuitengeneza yamo katika jeni, na kila mtu hupata nakala mbili za jeni hizo, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, huko Marekani, walionyesha kuwa himoglobini ya mgonjwa wa selimundu si sawa na ya mtu asiye na ugonjwa huo. Miaka michache baadaye, mwaka 1956 na 1957, Vernon Ingram alibainisha tofauti yenyewe huko Uingereza: katika mnyororo wenye pingili 146, pingili ya sita peke yake ndiyo iliyobadilika. Kosa ni dogo kama herufi moja katika barua ndefu, lakini matokeo yake ni makubwa. Oksijeni ikipungua, chembe za damu hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na mgonjwa akapatwa na maumivu makali, upungufu wa damu na madhara ya viungo.

Aliyerithi nakala mbili zenye kosa hilo ni mgonjwa. Aliyerithi nakala moja tu kwa kawaida huishi maisha yake yote bila ya kuugua, naye huitwa mbebaji. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, mbili katika nne za kuzaa mbebaji, na moja katika nne ya kuzaa mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Yafaa msomaji aangalie maneno kila mimba. Si kwamba akizaliwa mgonjwa mmoja basi watatu wafuatao watasalimika. Bahati hurudi mwanzo kila mara, kama mtu arushaye sarafu upya.

Sehemu kubwa ya maarifa haya ilipatikana kwa damu ya watu wa nchi zetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali mwaka 1949, akaona kuwa wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, bali ni haba sana katika nyanda za juu zenye baridi. Huko Uganda, Hermann Lehmann na Alan Raper walikuta kuwa miongoni mwa Baamba wabebaji walikaribia 40 katika kila watu 100. Kwa nini jeni yenye kuua iwe nyingi hivyo? Jawabu alilolitoa Allison mwaka 1954 ni malaria. Nakala moja ya jeni hiyo humkinga mtoto na malaria kali. Kwa hiyo pale penye mbu wengi, wabebaji waliokoka zaidi, wakazaa, wakairithisha. Jeni ile ile ni ngao kwa mmoja na upanga kwa mwingine. Hilo latupa onyo la kwanza: tusifanye haraka kuziita jeni za watu njema au mbaya, maana wema na ubaya wake hutegemea mahali, wakati na hesabu ya nakala.

Sasa tuyatazame maswali yenyewe, na la kwanza ni la kupima. Je, serikali yaweza kuwalazimisha wachumba wapimwe kabla ya ndoa? Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, baadhi ya majimbo yalitunga sheria za kuwapima watu weusi kwa lazima, na baadhi ya sheria hizo zilimchanganya mbebaji na mgonjwa. Watu wazima wenye afya walijikuta wakishukiwa kuwa dhaifu. Hata Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani kiliwakataa wabebaji mpaka mwaka 1981. Sheria ya taifa ya mwaka 1972 iliweka fedha za upimaji, lakini kwa sharti kwamba upimaji uwe wa hiari. Saudi Arabia ilishika njia nyingine mwaka 2004: kupima kabla ya ndoa ni lazima, lakini majibu yakiisha kutolewa, kuoana au kutooana hubaki hiari ya wenyewe. Mifano hiyo miwili yafundisha kwamba hatari kubwa haimo katika sindano. Imo katika ujinga wa wale wanaoyasoma majibu, na katika nguvu waliyo nayo juu ya maisha ya mwenye damu.

Kwetu sisi swali hili lina uchungu wake. Msichana aliyeambiwa kuwa ni mbebaji aweza kukosa posa, si kwa sababu ya ugonjwa, maana hana, bali kwa sababu ya neno. Na mvulana mbebaji mwenzake aweza asiulizwe lolote. Zaidi ya hayo, katika nyumba nyingi mtoto akiugua mara kwa mara lawama humwangukia mama. Hapa elimu ya urithi ina haki ya kusema kwa sauti: selimundu iliyo kamili hutoka pande mbili. Kumlaumu mke peke yake ni kukosea hesabu kabla ya kukosa huruma.

Swali la pili ni la siri. Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Kipimo cha damu ni kata mpya, tena huteka siri za mitungi mingi kwa mara moja. Mtu akipimwa, habari zake huwa pia ni habari za wazazi wake, ndugu zake na watoto wake, ambao hawakuulizwa. Aliyegunduliwa kuwa ni mbebaji, je, ana wajibu wa kumwarifu ndugu yake anayetaka kuoa? Na akikataa, daktari amwarifu? Liko jambo zito kuliko hilo. Mtoto akiwa mgonjwa mwenye nakala mbili, na mume wa mama akapimwa na kuonekana hana hata moja, daktari aghalabu amekwisha kujua jambo ambalo hakulitafuta, nalo ni kuwa mume huyo siye aliyemzaa mtoto. Mume hakuja hospitali kuuliza swali hilo, na mtoto kitandani ahitaji baba wa kumwuguza. Madaktari wengi hukubaliana kuwa jambo kama hilo lizungumzwe kabla ya kupima, watu waelezwe nini chaweza kuonekana, na wachague wakiwa macho. Tanzania ilitunga sheria ya vinasaba vya binadamu mwaka 2009 ili kusimamia uchukuaji, upimaji na matumizi ya vinasaba. Sheria yaweza kulinda karatasi. Kulinda heshima ya nyumba ni kazi ya adabu ya mpimaji.

Swali la tatu ni la kuchagua nani azaliwe, nalo lina historia ya kutisha. Mwaka 1933 Ujerumani ya Wanazi ilitunga sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu waliodhaniwa kuwa na maradhi ya kurithi, na wapatao 400,000 walifanyiwa hivyo. Sheria za namna hiyo zilikwisha kuwako katika majimbo kadha ya Marekani kabla yake. Walioziunga mkono hawakuwa wajinga wasiosoma. Walikuwamo madaktari na maprofesa. Walidai kuwa wanasafisha kizazi, ilhali elimu yao yenyewe ilikuwa changa na hukumu zao zimejaa dharau. Lazima basi tutenge mambo mawili. Wazazi wanaotaka kujua hatari iliyo mbele yao, wakashauriana na kuamua kwa dhamiri na dini yao, si sawa na dola inayoamua nani anastahili kuzaa. Lakini mpaka baina ya mambo hayo si ukuta wa mawe. Wazazi wakiambiwa kila siku kwamba mtoto mgonjwa ni mzigo wa taifa, hiari yao hupungua ingawa hakuna aliyewashika mkono.

Swali la nne ni la kubadili. Siku hizi wataalamu wana chombo kiitwacho CRISPR, ambacho huweza kukata vinasaba mahali palipochaguliwa. Hapa pana tofauti ambayo msomaji aishike sana. Kubadili chembe za mgonjwa mmoja kwa ridhaa yake ni tiba. Mabadiliko hufa pamoja naye. Kubadili kiinitete ni kubadili kizazi, maana mtoto huyo atawarithisha wanawe, nao hawakuulizwa wala hawawezi kuulizwa. Mnamo Novemba 2018 He Jiankui, mtaalamu wa China, alitangaza kuwa wamezaliwa watoto mapacha ambao aliwabadili jeni wakiwa viinitete, kwa nia aliyoisema kuwa ni kuwakinga na virusi vya UKIMWI. Wanasayansi wa nchi nyingi walimlaumu, maana ziko njia nyingine za kumkinga mtoto na virusi hivyo zisizogusa urithi wake. Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu na faini. Kosa lake si ujuzi haba. Alikosa subira, akaweka hatima ya watoto rehani kwa ajili ya jina.

Swali la tano ni la haki, nalo latugusa kuliko yote. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza ya CRISPR kwa selimundu, na Marekani ikafuata Desemba mwaka huo huo. Chembe za uboho hutolewa kwa mgonjwa na kukatwa mahali fulani, ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ya utotoni, ile ambayo mtu huwa nayo tumboni mwa mama na ambayo haijikunji. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa uboho wa zamani, na chembe zake hurudishwa. Bei yake iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Na wagonjwa wako wapi? Robo tatu au zaidi ya watoto wanaozaliwa na selimundu duniani huzaliwa Afrika kusini ya Sahara. Tanzania peke yake hukadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Damu iliyofundisha dunia ilitoka mikononi mwa watu wa pwani na ziwani; matunda yake yameiva katika bustani yenye ukuta mrefu.

Tusihukumu kwa hasira tu. Tiba mpya ni jambo la kushukuru, na bei za vitu vipya hushuka mara nyingine. Lakini mtoto wa leo hasubiri. Kwake yeye maadili ya elimu ya urithi hayaanzi na CRISPR. Yaanza na kupimwa angali mchanga, kupewa chanjo na dawa za kumkinga na maambukizo, kinga ya malaria, na hidroksiurea, dawa ya kumeza ambayo hupunguza maumivu na gharama yake haifanani hata kidogo na ile ya tiba mpya. Taifa linaloota tiba ya mamilioni huku likikosa dawa hizo zahanati limeanza kujenga nyumba kwa paa.

Yabaki sehemu yetu sisi watu wa lugha. Neno mbebaji latumika, lakini lasikika kama mtu aliyejitwika mzigo au anayeeneza ugonjwa kwa wenziwe, na hilo si kweli. Huenda ikafaa kusema mwenye nakala moja, ili asikiaye aelewe kuwa ni hesabu tu, wala si hukumu. Wakunga, wauguzi, walimu na mashehe na mapadri wafungishao ndoa wanahitaji maneno ya namna hiyo, yaliyo sahihi na yasiyotweza, kabla ya mashine za kupimia hazijaenea kila wilaya. Mashine hununuliwa kwa fedha na hufika kwa siku chache. Neno jema huchukua muda kukomaa katika vinywa vya watu, na kazi hiyo hakuna mgeni atakayetufanyia.