GAZETI HILI HALIFUNGI MAANDAZI TU!

Msomaji wangu, najua ukishamaliza safu hii gazeti linakwenda kufungia maandazi. Sina kinyongo. Ila wiki hii nimegundua kuna wenzetu wanatumia magazeti kuhifadhia misitu.

Ilikuwa hivi. Bibi yangu kule Lindi ana mti wake wa dawa ya tumbo. Mimi kwa kimbelembele nikachuma majani mawili, nikayatia mfukoni, na niliporudi Dar, huyooo hadi Mlimani, Chuo Kikuu, kwa wataalamu wa mimea. Wana hebariamu, yaani stoo ya mimea mikavu. Tawi linachumwa, linalazwa kati ya magazeti na kubanwa mpaka likauke. Kisha linabandikwa kwenye karatasi ngumu pamoja na maelezo: limetoka wapi, lini, nani kalichuma, wenyeji wanaliitaje. Wadudu wasipolila, linadumu miaka mia na zaidi.

Nikacheka moyoni, majani makavu ya nini? Kumbe kuna mti wa huko huko kwetu Lindi, Erythrina schliebenii, wenye miiba shinani na maua mekundu. Mjerumani Schlieben aliuchuma miaka ya 1930. Mwaka 1998 ukaandikwa kuwa umetoweka duniani. 2001 ukaonekana Kilwa, lakini 2008 msitu ule ukafyekwa kupisha mazao ya mafuta ya mitambo. Roho juu tena! Watafiti wa Mlimani wakarudi porini, na 2012 zikaja habari kwamba bado upo, ingawa mikubwa haifiki 50. Sasa niambie, bila tawi kavu la zamani nani angejua kuwa ndio wenyewe?

Na tawi lisikae sehemu moja. Usiku wa Machi 1, 1943 mabomu yaliunguza hebariamu ya Berlin, na sampuli kibao zilizotoka huku enzi za Mjerumani zikawa majivu.

Basi, nikatoa majani yangu kwa mbwembwe. Mtaalamu akayatazama, kisha akanitazama na mimi.

"Ua liko wapi? Tunda je?"

Jani tupu lina mapacha wengi, hawalipi jina kwa kubahatisha. Nikatoka nimenywea.

Jioni nikampigia bibi: mti ukichanua tu, nibipu. Akanyamaza kidogo.

"Mume wangu, ulipoondoka tu jirani kaukata, kachoma mkaa. Lakini jana nimepita pale, naona kisiki kinachipua."