Pale kingo zinapobomoka

Machame, mkoani Kilimanjaro, maji hayafiki kihambani yenyewe. Mfongo uliochimbwa na mababu huyateka mtoni na kuyazungusha kwenye miteremko hadi migombani. Mvua ikibomoa ukingo, wenye mfongo hutoka na majembe. Msimu unaofuata huanzia palepale palipobomoka, maana kuna mtu anayepakumbuka.

Nauwaza mfongo huo kila ninapokitazama Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992, na makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Makao makuu yako Dar es Salaam, lakini kwa anayesoma akiwa Machame, chuo ni kituo cha mkoa pale Moshi na simu iliyo mkononi mwake.

Machi 2020 corona iliingia nchini na serikali ikafunga vyuo vyote. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba chuo kama hiki, kinachofundisha kwa masafa, hakitaguswa. Kusoma peke yako usiku, mtoto akiwa amelala, kunawezekana hata wakati wa gonjwa. Mtihani na vipindi vya ana kwa ana ni jambo jingine: hapo watu hukutana chumba kimoja, na kwa mwalimu au muuguzi anayesoma huku akifanya kazi, siku hizo chache ndizo anazouliza maswali aliyoyabeba muhula mzima.

Vyuo vilifunguliwa 1 Juni. Wiki kumi hivi zilikuwa zimepita, na ndani yake kulikuwa na elimu ambayo haimo kwenye moduli yoyote: nani aliishiwa bando katikati ya somo, mtandao unapotea bonde lipi, nani aliacha kabisa bila kuaga. Mambo kama hayo huyajua kwanza mratibu wa kituo. Akihamishwa bila kuyaandika, yanaondoka naye.

Kununua mfumo mpya wa kufundishia mtandaoni ni jambo jema, na somo kufika kwenye simu ni hatua kubwa. Hata hivyo, mimi ningeanza na daftari la kituo, lisomwe Dar es Salaam kabla ratiba haijapangwa. Chuo chenye wanafunzi nchi nzima hakiwezi kujifunza kikiwa makao makuu peke yake. Muuguzi wa Machame mwenye zamu ya usiku aulizwe wakati tarehe ya mtihani ingali kwa penseli.