Sentensi Isiyo na Msemaji: Akili Unde Zalishi na Maadili ya Data katika Isimu ya Kiswahili

Istilahi akili bandia, akili unde na akili mnemba zingali zikishindana katika maandishi ya Kiswahili. Makala haya yanatumia akili unde, kwa kuwa kitenzi unda kinaitaja kazi yenyewe bila kuihukumu. Akili unde zalishi ni tawi linalotoa matini, picha au sauti mpya kutokana na ruwaza zilizomo katika data nyingi iliyokwisha kuwapo. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, mijadala vyuoni imejikita zaidi katika wizi wa maandishi. Kwa mwanafunzi wa isimu, hata hivyo, liko suala zito kuliko hilo, nalo ni uhalali wa data.

Mashine hizi hukadiria kipande cha matini kinachofuata kwa kuzingatia vilivyotangulia. Vipande hivyo si mofimu. Neno hawatanipikia, ambalo mwanaisimu hulichanganua kuwa ha-wa-ta-ni-pik-i-a, huweza kukatwa mahali pasipo na mpaka wowote wa kimofolojia, kwa kuwa kigezo ni marudio ya mfuatano wa herufi. Mwaka 2021 Emily Bender, Timnit Gebru na wenzao waliifananisha mifumo hiyo na kasuku, sitiari isiyohitaji ufafanuzi kwa msomaji wa Kiswahili. Sarufi sahihi inayotoka humo ni matokeo ya takwimu, wala si ithibati ya umilisi.

Mfano wa lahaja unaionyesha hatari hii waziwazi. Chukulia mwanafunzi wa Kimvita ambaye, kwa kukosa nauli ya kwenda Mombasa, anaiomba mashine impatie sentensi ishirini za lahaja hiyo. Maandishi ya Kiswahili yaliyomo kwenye intaneti yametawaliwa na Kiswahili sanifu, nazo habari, maandiko ya dini na tafsiri zina sehemu kubwa humo. Kimvita kina nafasi finyu. Mashine huweza kuzitwaa sentensi sanifu na kugeuza ch kuwa t, kwa kufuata jozi kama mchele/mtele na macho/mato, kisha ikaieneza kanuni hiyo hadi kupata *takula. Mzawa wa Mombasa husema chakula, kwani ch hiyo imetokana na ki- kukutana na irabu. Katika isimu nyota huashiria umbo lisilokubalika. Katika tasnifu hiyo umbo hilo lingechapishwa bila nyota, likanukuliwa na mtafiti mwingine, ilhali halijapata kutamkwa na yeyote. Tena *takula ni kosa linalotambulika kwa urahisi. Sentensi kumi na tisa zilizobaki, zinazoonekana sahihi, ndizo za kuogopwa zaidi: hazina msemaji, umri, mtaa wala muktadha.

Suala la ridhaa nalo halijazingatiwa vya kutosha. Mtafiti anayepakia rekodi za mahojiano kwenye mashine ili zigeuzwe maandishi huwa amezikabidhi kwa mtu wa tatu. Bibi aliyekubali kumsimulia mwanafunzi ngano hakukubali sauti yake ihifadhiwe katika seva za kampuni ya ng'ambo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinagusa jambo hili moja kwa moja, na fomu ya ridhaa isiyoitaja mashine haitoshi.

Hata uundaji wa zana zenyewe una maswali yake. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi nchini Kenya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha matini za ukatili ili ChatGPT isizitoe.

Haifuati kwamba mashine ipigwe marufuku. Inaweza kusaidia kupanga orodha za maneno au kuandika programu ya kuhesabu marudio, mradi mtafiti ahakiki matokeo na ataje zana, toleo, tarehe na maagizo aliyoyatoa. Marejeleo yote sharti yatafutwe na kusomwa, kwa kuwa mashine huzua hata vichwa vya makala. Wasimamizi nao wasitegemee programu za kugundua maandishi ya mashine. OpenAI yenyewe iliiondoa ya kwake Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. Heri msimamizi aombe daftari la uwandani na rekodi, achague sentensi tatu, na kumuuliza mwanafunzi ni nani aliyezisema.