Mizani ya shairi



Mzazi mmoja wa Kurasini, wilayani Temeke, alilikuta daftari la mashairi ndani ya mkoba wa madrasa wa binti yake, akalichana. Hoja yake ilikuwa Suratu Shu'araa, kwamba washairi hufuatwa na wapotovu. Ni kweli, aya ya 224 imo. Lakini sura haikuishia hapo. Aya ya 227, iliyo ya mwisho, inawatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Tena imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimwekea Hassan bin Thabit (R.A.) mimbari ndani ya msikiti ili amtetee kwa mashairi. Msikitini, si barazani!

Tuitafakari na lugha yenyewe. Katika Suratu Rahman, Mwenyezi Mungu alimuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha. Aya chache mbele inatajwa mizani, na watu wanakatazwa kuipunja. Waswahili walipotafuta jina la silabi zinazohesabiwa katika mshororo, walilichukua neno hilo hilo. Mshororo wa utenzi una mizani 8, wa shairi lililozoeleka 16. Kwa maoni yangu, jina hilo ni amana. Neno lililopimwa kwa sauti lisipimwe kwa ukweli limepunjwa, sawa na kibaba cha mchuuzi dhalimu, na tusi lenye vina ni tusi tu. Basi la kuuliza lilikuwa: humo daftarini mmeandikwa nini? Mzazi yule hakusoma hata ubeti mmoja.

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitaka kumwusia binti yake, Mwana Hashima, juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. (Aliyoyasema kuhusu utii wa mke yanajadiliwa hadi leo, na yajadiliwe.) Wasia huo aliutunga kwa utenzi. Ulinakiliwa kwa herufi za Kiarabu, mkono hadi mkono, na wasichana wa mwambao wameurithi pamoja na Mwana Hashima.