Nondo wa Gran Sabana

Mnamo mwaka 2009 mtaalamu wa wanyama, Arthur Anker, alipiga picha ya nondo mmoja katika nyanda za Gran Sabana, nchini Venezuela. Mdudu huyo alikuwa mweupe, kifua na miguu yake imefunikwa kwa manyoya mazito; macho yake makubwa meusi, na vipapasio vyake vya rangi ya kahawia vyenye umbo la kitana.

Manyoya ya nondo si nywele kama za paka au mbwa. Ni magamba yaliyorefuka, ya asili moja na ule unga unaobaki vidoleni tumshikapo kipepeo. Kifuani husaidia kuhifadhi joto la misuli ya kurukia.

Je, nondo huyu ni spishi mpya? Sura yake yakaribiana na ile ya nondo wa jenasi ya Artace. Lakini sura pichani haitoshi. Kwa kawaida wataalamu humhitaji mdudu mwenyewe, ahifadhiwe, na viungo vyake vilinganishwe na vya jamaa zake, ndipo spishi ipewe jina. Picha huanzisha swali. Uchunguzi ndio hulijibu.